Valvu na jamaa zake: msamiati wa kuchagua spea za injini kongwe

valvu nm [i-/zi-] (pia: vali)

1. Kifaa kinachofungua na kufunga njia ya hewa, mvuke au kimiminiko.
2. Katika injini ya petroli au dizeli, kijiti cha chuma chenye bapa la mviringo mwishoni, kinachofungua na kufunga tundu la kuingizia hewa au la kutolea moshi katika silinda.
3. (afya) Kilango cha moyo au cha mshipa kinachozuia damu kurudi nyuma.

Makala haya yanahusu maana ya pili pamoja na maneno yanayofuatana nayo pale injini ya gari kongwe inapofunguliwa na kujengwa upya. Mfano unaotumika ni injini ya petroli ya lita 2.25 ya Land Rover. Injini hiyo ilianza kutumika mwaka 1958, ina silinda nne na valvu nane, na ingali inafufuliwa katika gereji za Afrika Mashariki.

Suala la msamiati huu si la mapambo ya lugha. Fundi wa Tabora anayehitaji spea za gari la zamani mara nyingi huandika orodha na kuituma Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa reli, ili muuzaji wa Kariakoo au Gerezani aisome bila kuiona injini. Neno lenye maana mbili hurudisha spea isiyofaa. Neno hilohilo likiwa katika mwongozo uliotafsiriwa, linaweza kuunguza valvu iliyokwisha kupachikwa.

Umbo na upatanisho

“Vali” na “valvu” yote ni matohozi kutoka Kiingereza, na yote hutumika katika maandishi. “Valvu” liko karibu zaidi na matamshi ya gereji, na ndilo linalotumika hapa. Lililo muhimu ni kuchagua umbo moja na kulishika tangu mwanzo wa matini hadi mwisho. Msomaji akikutana na maumbo yote mawili katika ukurasa mmoja, atadhani ni vifaa viwili.

Upatanisho ni wa ngeli ya i-/zi-: valvu hii imeungua, valvu hizi zimeungua. Kwa kuwa umbo la nomino halibadiliki katika wingi, idadi hubebwa na upatanisho peke yake. Orodha isemayo “valvu ya ekzosi” huleta moja, na isemayo “valvu za ekzosi” huleta nne. Mtu anayeandika orodha ya spea hana budi kuandika idadi kwa tarakimu, asitegemee herufi moja ya kiunganishi.

Njia ya maneno

Tabora ni mahali pazuri pa kutazamia tabaka za msamiati wa ufundi. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Bunduki zilipanda bara kwa njia hiyo, na msamiati wake ukapanda nazo: gumegume, fataki, risasi. “Mtambo”, neno ambalo leo humaanisha mashine yoyote kubwa, lilitumika pia kwa kifyatuo cha bunduki na cha mtego. “Kamani”, jina la zamani la springi ya saa na ya mashine, lina asili ya neno la Kiajemi lenye maana ya upinde.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mji ukawa wa reli, na fundi wa chuma akapata mahali pake katika “karakana”, neno jingine lenye asili ya Kiajemi lililopitia lugha za Kihindi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Kiingereza kikawa lugha ya vitabu vya mashine. Kisha, kuanzia mwaka 1947, Mpango wa Karanga ulileta matrekta na mitambo mizito hadi Urambo, magharibi ya mji wa Tabora. Maneno kama “injini”, “gereji”, “spana”, “pistoni” na “valvu” ni ya tabaka hili la Kiingereza. Hata jina la Kariakoo, ambako spea hununuliwa leo, ni tohozi la jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita hivyo.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, njia ya maneno ni nyingine. Huko vitabu vya ufundi ni vya Kifaransa, na valvu ni “soupape”. Matini inayotarajiwa kusomwa Kigoma na Kalemie kwa pamoja inahitaji kueleza kazi ya kifaa angalau mara moja, si kutaja jina tu.

Kwa sababu ya tabaka hizo, sehemu moja inaweza kuwa na majina mawili au matatu, na jina moja likabeba sehemu mbili. Hali hiyo ya pili ndiyo yenye hatari.

Maneno ya mfumo, moja moja

Kemshafti [i-/zi-]. Mhimili wenye nundu unaozungushwa na krenki kwa cheni, kwa mkanda au kwa gia. “Nundu”, kama ile ya ng'ombe, ni neno linaloeleweka mara moja kwa sehemu iliyovimba ya mhimili, na linafaa zaidi kuliko tohozi jipya. Nundu ikilika, valvu haifunguki kwa kimo chake chote, na silinda hukosa pumzi hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Tapeti [i-/zi-]. Neno hili lina maana mbili zinazogongana. Kwanza ni kifaa kinachopanda na kushuka juu ya nundu ya kemshafti. Pili, katika usemi wa “kuseti tapeti”, ni kazi ya kurekebisha mwanya wa valvu kwenye skrubu ya roka. Kazi hiyo katika injini ya mfano hufanyika juu kabisa, mbali na tapeti yenyewe. Mteja anayeagiza “tapeti nane” kwa sababu fundi alimwambia kuwa “tapeti zinagonga” anaweza kununua vifaa visivyo na kasoro na kuacha skrubu iliyolika mahali pake. Katika maandishi, “tapeti” litumike kwa kifaa tu. Kazi iitwe “kurekebisha mwanya wa valvu”.

Pushirodi [i-/zi-]. Fimbo inayopeleka msukumo kutoka kwenye tapeti hadi kwenye roka. “Fimbo ya kusukumia” ni tafsiri inayoeleweka. Urefu wake hutofautiana kati ya injini na injini, kwa hiyo jina bila aina ya injini halitoshi. Fimbo iliyopinda hutambulika kwa kuiviringisha juu ya kioo.

Roka [i-/zi-]. Mkono unaosukumwa upande mmoja na pushirodi na kuisukuma valvu kwa upande wa pili. Mhimili unaoibeba ni “shafti ya roka”. Fundi akiagiza “roka kamili”, muuzaji anaweza kuleta mkono mmoja au mhimili mzima na mikono yake yote. Andika “mikono ya roka 8” au “shafti ya roka na mikono yake”.

Springi [i-/zi-]. “Kamani” ni sahihi na linapendeza katika maandishi ya kifasihi, ila kwa muuzaji wa spea neno linalotambulika ni “springi”. Zipo injini zenye springi mbili kwa kila valvu, ya ndani na ya nje. Orodha isipotaja hivyo, nusu husahaulika. Springi ya zamani huonekana nzima ilhali imefupika. Hupimwa urefu wake ikiwa huru, hulinganishwa na kipimo cha mtengenezaji, na hubadilishwa kwa seti.

Kabari [i-/zi-]. Vipande viwili vidogo vinavyobana kofia ya springi kwenye shina la valvu. Kiswahili kina neno hili tangu zamani kwa kipande cha kubania mpini wa shoka au jembe, na kazi yake hapa ni ileile. Hakuna haja ya tohozi.

Kiongozi cha valvu [ki-/vi-]. Bomba fupi ambamo shina la valvu hupanda na kushuka. Tohozi la moja kwa moja kutoka Kiingereza lingeangukia juu ya “gaidi”, yaani mhalifu wa silaha, na limeepukwa kwa sababu hiyo. “Mwongozo wa valvu” nalo halifai: msomaji huelewa kuwa ni kitabu. “Kiongozi” ni jina zuri, mradi upatanisho ubaki katika ki-/vi-. “Kiongozi wa msafara” ni mtu, yule ambaye katika njia ya Tabora aliitwa pia kirangozi. “Kiongozi cha valvu” ni kitu. Kiongozi kikichakaa, shina hucheza, oili huteremka na injini “inakula oili”, kama mafundi wasemavyo. Usemi huo umekubalika na hauhitaji kusahihishwa.

Kiti cha valvu [ki-/vi-]. Ukingo ambao uso wa valvu hulalia inapofunga njia. “Siti” husikika pia, lakini “kiti” ni neno letu na halina utata. Pembe ya uso wa valvu na ya kiti chake lazima zioane. Katika injini ya mfano, uso wa valvu ya kuingizia hukatwa kwa nyuzi 30 na wa valvu ya kutolea moshi kwa nyuzi 45. Neno “valvu” peke yake halioneshi tofauti hiyo.

Silinda hedi [i-/zi-]. “Kichwa” ni tafsiri iliyo wazi, ila limekwisha kulemewa. Bapa la valvu ni kichwa cha valvu, kifuniko cha silinda ni kichwa cha injini, na katika mji wa reli kama Tabora “kichwa” ni injini inayovuta mabehewa. Afadhali “silinda hedi” libaki kwa kifuniko, na “kichwa” liachiwe valvu.

Juu na ubavuni

Wafasiri hupenda kuandika “valvu za silinda hedi” kana kwamba valvu zote hukaa huko. Katika injini ya mfano ni kweli. Katika Land Rover za mwanzo, zilizotoka kuanzia mwaka 1948, na katika injini ya silinda sita ya lita 2.6, si kweli: valvu ya kuingizia iko juu kwenye silinda hedi, na valvu ya kutolea moshi iko ubavuni, ndani ya bloku. Agizo la “valvu zote za silinda hedi” kwa injini hizo huacha nusu. Ni salama zaidi kutaja valvu kwa kazi yake kuliko kwa mahali pake: “valvu ya kuingizia” na “valvu ya kutolea moshi”. Kiambishi cha kutendea katika “kuingizia” na “kutolea” ni cha lazima. Valvu haiingizi wala haitoi chochote, bali ni njia ya kuingizia na ya kutolea.

-funga na -fungua

Vitenzi hivi viwili ndivyo chanzo cha utata mkubwa kuliko nomino zote. Katika gereji, “kufungua injini” ni kuitenganisha, na “kufunga spea” ni kuipachika. Katika maelezo ya mwendo wa injini, valvu “inafungua” na “inafunga” njia. Sentensi “hakikisha valvu imefungwa” inaweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba valvu imepachikwa, au kwamba imelala kitini.

Tofauti hiyo ina uzito. Mwanya hupimwa wakati valvu imelala kitini kabisa na tapeti iko mgongoni mwa nundu. Ukipimwa wakati nundu imeanza kuisukuma tapeti, kipimo ni batili. Katika matini za ufundi inapendekezwa mgawanyo huu:

-pachika: kuweka sehemu mahali pake.
-tenganisha: kuondoa sehemu katika injini.
-funguka, -fungika: mwendo wa valvu wakati injini inafanya kazi.
-lala kitini: hali ya valvu iliyofungika kikamilifu.

Kauli ya kutendwa itumike pale mtendaji anapotajwa: valvu hufunguliwa na nundu ya kemshafti na hufungwa na springi. Anayeuelewa mgawanyo huo wa watendaji anaelewa pia kwa nini springi iliyofupika ni kosa la kufungika, na nundu iliyolika ni kosa la kufunguka.

Mwanya, kukaza na kulegea

“Mwanya wa valvu” ni nafasi iliyoachwa kati ya ncha ya roka na ncha ya shina la valvu. Katika injini ya mfano, mwanya ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane, na hupimwa kwa fila geji. Mwanya huachwa kwa sababu chuma hupanuka kikipata joto.

Mafundi husema valvu “imelegea” mwanya unapozidi, na “imekaza” unapopungua. Semi hizo zinaeleweka, lakini humpotosha mwanafunzi, kwa kuwa katika lugha ya kawaida kilichokaza ni salama na kilicholegea ni hatari. Hapa mambo ni kinyume. Valvu iliyolegea hugonga na kumwita fundi. Valvu iliyokaza hunyamaza, hailali kitini sawasawa, haipozwi na kiti chake, na mwisho huungua. Mwongozo uliotafsiriwa useme “mwanya umezidi” au “mwanya umepungua”, na utaje madhara ya kila hali.

Risasi: neno moja, madini na tundu la ngozi

“Risasi”, kutoka Kiarabu, ni jina la madini na pia la kile kinachotoka katika bunduki. Kwa hiyo “petroli yenye risasi” huhitaji kufafanuliwa mara ya kwanza inapotajwa: ni petroli iliyotiwa kemikali ya madini ya risasi.

Maana hiyo inamhusu moja kwa moja anayechagua viti vya valvu. Masalia ya risasi yalitanda juu ya kiti na kuzuia chuma kulika pale valvu ya kutolea moshi inapokigonga ikiwa na joto kali. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa petroli hiyo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo. Ilikuwa hatua ya kulinda afya, hasa ya watoto. Kwa injini kongwe yenye viti laini, hata hivyo, kinga ya zamani iliondoka nayo.

Kiti kisicho na kinga “hudidimia”. Kitenzi hiki kinafaa kuliko “kulika”, kwa kuwa kinaeleza matokeo: valvu huzama ndani zaidi ya silinda hedi, shina lake hupanda kuelekea kwenye roka, na mwanya hupungua. Injini huzidi kunyamaza kadiri inavyoharibika. Tiba ni kukereza tundu na kupachika pete ya kiti ya chuma kigumu, pamoja na valvu inayoendana nayo. Orodha ya spea iandike “pete za kiti za chuma kigumu, za valvu za kutolea moshi”. “Viti vipya” pekee halitoshi, kwani kiti kipya cha chuma laini kitadidimia kama cha zamani.

Orijino, mtumba na seti

“Orijino” katika soko la spea lina maana mbili: spea iliyotoka kwa mtengenezaji wa gari, na spea iliyovuliwa katika gari jingine la aina hiyo, yaani mtumba. Neno halisemi chochote kuhusu uchakavu. Kwa kofia za springi, mtumba mzima unaweza kufaa. Kwa kemshafti na tapeti bapa haufai kuchanganywa: nyuso zake zimezoeana kwa kusuguana, na tapeti ya zamani juu ya nundu mpya huila nundu hiyo. Ndiyo maana neno “seti” ni la lazima hapa. Hata sehemu zinazorudishwa hupangwa kwa nambari ya silinda, kila pushirodi irudi mahali pake.

Maelezo kamili ya spea yana mambo matano kwa mpangilio huu: jina, kazi au upande, idadi, injini, na kipimo au hali.

Matumizi

Epuka: Nitumie valvu za Land Rover.
Andika: Valvu za kutolea moshi, 4, injini ya petroli ya lita 2.25, uso wa nyuzi 45, mpya.

Epuka: Tapeti zimekaza, zilegeze.
Andika: Mwanya wa valvu umepungua; urekebishe hadi milimita 0.25.

Epuka: Funga valvu kabla ya kupima.
Andika: Pima mwanya valvu ikiwa imelala kitini kabisa.

Epuka: Badilisha mwongozo wa valvu uliochakaa.
Andika: Badilisha kiongozi cha valvu kilichochakaa.

Tazama pia: bloku, cheni, gasketi, kamani, karakana, kereza, krenki, mtambo, risasi, spea.